Uti, Mshipa na Chembe ya Moyo: Muuguzi Anajibu Maswali ya Wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka Igoma, Kirumba, Ukerewe, Magu, Nyegezi na Buhongwa, hapa mkoani Mwanza, na nilipozisoma zote kwa pamoja niliona kwamba karibu kila mwandishi anaulizia neno moja lililobebeshwa mambo mawili au matatu. Nimefanya kazi ya uuguzi katika wodi za ukanda huu wa Ziwa Victoria kwa zaidi ya miaka 30, na wagonjwa wengi niliowaona wakifika wamechelewa walikuwa wamepotezwa na jina: waliambiwa nyumbani neno fulani, neno likawapeleka kwenye kiungo kisichohusika, na siku zikapita. Kwa hiyo katika kila jibu nitaanza na kiungo chenyewe, mahali kilipo na kazi yake, kisha ndipo niseme kuhusu ugonjwa.

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Mwanangu wa miaka mitatu alipata homa, nikampeleka zahanati akapimwa mkojo, na kwenye daftari lake wakaandika UTI. Jirani aliposoma akaniambia hiyo ni homa ya uti wa mgongo, na kwamba watoto wenye ugonjwa huo huchomwa sindano mgongoni na kuvutwa maji mpaka wanapooza. Sikulala usiku ule. Naomba unieleweshe. (Mama wa watoto wawili, Igoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa usiku huo. Herufi ulizoziona daftarini ni kifupi cha maneno ya Kiingereza na husomwa moja moja, yu-ti-ai. Maana yake ni maambukizi katika njia ya mkojo. Njia hiyo inaanzia kwenye figo mbili zilizo nyuma ya tumbo chini ya mbavu, inashuka kwa mirija miwili myembamba hadi kwenye kibofu, na kutoka kibofuni mkojo hutoka nje kwa mrija mmoja. Kwa mwanamke mzima mrija huo wa mwisho una urefu wa takriban sentimita 4, kwa mwanamume takriban sentimita 20, na hiyo ni sababu kubwa ya wanawake kupata maambukizi haya mara nyingi zaidi, kwa kuwa bakteria wa kwenye choo kikubwa wana safari fupi ya kufika kibofuni. Mtoto wako alipimwa mkojo kwa sababu ugonjwa uko kwenye mkojo. Mpe dawa mpaka dozi iishe hata kama homa itashuka siku ya pili, na homa ikiendelea mrudishe.

“Uti” ya Kiswahili ni neno jingine kabisa, na bahati mbaya ni kwamba linaandikwa kwa herufi zilezile. Uti wa mgongo ni mhimili wa mifupa midogo iitwayo pingili, iliyopangwa moja juu ya nyingine kuanzia shingoni hadi kwenye kifandugu. Shingo ina pingili 7 (hata twiga wa Serengeti, pamoja na urefu wake wote, ana 7 tu), kifua kina 12 na kiuno 5, na zilizobaki chini zimeungana. Ndani ya pingili hizo kuna tundu, na ndani ya tundu hilo unapita ugwe mgongo, yaani kamba laini ya neva inayotoka kwenye ubongo na kupeleka amri za ubongo mwilini. Ubongo na ugwe mgongo vimefunikwa kwa tando na kuzungukwa na maji masafi. Tando hizo zinaposhambuliwa na vijidudu ndipo tunasema homa ya uti wa mgongo. Mnaona basi kwamba hata jina hilo la Kiswahili linapotosha, kwa sababu ugonjwa hauko kwenye mifupa ya mgongo, uko kwenye tando za ubongo na ugwe. Dalili zake ni homa kali, maumivu makali ya kichwa, shingo kukakamaa, kutapika, kuchukia mwanga, kuchanganyikiwa au degedege. Kwa mtoto mchanga utosi hutuna na mtoto hukataa kunyonya. Mtu mwenye dalili hizo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana.

Sasa niseme kuhusu sindano ya mgongo, kwa sababu nimewaona wazazi wakisaini kukataa kipimo hiki huku mtoto akizidiwa mbele ya macho yao, na jambo hilo bado linaniumiza. Kwa mtu mzima ugwe mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huchomwa chini ya hapo, mahali ambapo hakuna ugwe tena, bali maji na nyuzi za neva zinazoelea ndani yake na kusogea sindano inapoingia. Kwa mtoto mchanga ugwe hufika chini zaidi kidogo, na daktari anayejua hilo naye huchoma chini zaidi. Maji yanayochukuliwa ni mililita chache, ilhali mwili wa mtu mzima hutengeneza takriban mililita 500 za maji hayo kila siku, kwa hiyo hayaishi. Watoto wanaobaki na ulemavu au uziwi baada ya ugonjwa huu kwa kawaida wameumizwa na ugonjwa wenyewe, hasa matibabu yalipochelewa. Lakini kwa kuwa sindano ilionekana na vijidudu havikuonekana, lawama huangukia sindano.

SWALI: Shikamoo. Nabeba magunia ya dagaa pale Mwaloni. Nina uvimbe kinenani unaotokea nikibeba mzigo na kurudi nikilala. Wenzangu wanasema ni mshipa, na mzee mmoja amenipa mizizi ya kuchemsha ili mshipa ushuke. Je, mshipa huo ni wa damu? (Mbeba mizigo, Kirumba)

JIBU: Marahaba. Sijui neno jingine la mwili wa binadamu ambalo Kiswahili chetu kimelitwisha mzigo mkubwa kama mshipa. Bomba la damu ni mshipa. Neva inayopeleka hisia ni mshipa wa fahamu. Mtu akiamka shingo imekaza anasema mshipa umebana, ingawa kilichokaza ni msuli. Akiteguka kifundo cha mguu anasema mshipa umeruka, ingawa kilichovutika ni kano. Na uvimbe wa kinenani nao ni mshipa.

Katika mabomba ya damu peke yake kuna aina mbili kuu. Ateri hutoa damu kwenye moyo kwa nguvu, nazo ndizo unazosikia zikidunda kwenye kifundo cha mkono. Vena huirudisha damu kwenye moyo bila kudunda, nazo ndizo zinazoonekana chini ya ngozi ya mkono na ndizo tunazochoma tunapotundika dripu. Uvimbe wako, kwa jinsi ulivyoueleza, hauhusiani na yoyote kati ya hizo. Unafanana na ngiri. Ukuta wa tumbo umeundwa kwa misuli, na kinenani una sehemu dhaifu kiasili. Mtu anaponyanyua gunia, anapokohoa kwa muda mrefu au anapojikamua chooni, shinikizo la ndani ya tumbo husukuma kipande cha utumbo au mafuta ya tumboni kipenye pale, na anapolala hurudi. Kwa kuwa tatizo ni tundu kwenye ukuta, hakuna mizizi ya kuchemsha inayoweza kuliziba. Daktari wa upasuaji hulishona, na kwa watu wazima mara nyingi huweka kipande cha wavu maalumu cha kuimarisha mahali hapo. Wewe unayefanya kazi miongoni mwa wavuvi utaelewa haraka kuliko wengine kwa nini wavu unafaa.

Usichanganye ngiri na ngirimaji, ambalo wengi huliita busha. Ngirimaji ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani. Hayarudi tumboni ukilala, na daktari akimulika tochi mwanga hupenya. Kule Pwani mabusha mengi yametokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu.

Jambo moja ulishike vizuri. Uvimbe wako ukigoma kurudi, ukawa mgumu na wenye maumivu makali, ukaanza kutapika au choo na hewa visipite, basi utumbo umenaswa na damu haiufikii vizuri. Hapo una saa chache, wala si siku. Nilimpokea kijana wa kazi kama yako aliyekaa nyumbani siku mbili akisubiri mshipa ushuke. Alipona, lakini baada ya kukatwa kipande cha utumbo uliokwisha kuoza. Wewe nenda sasa, ungali unatembea, upangiwe siku ya upasuaji.

SWALI: Baba yangu ni mvuvi. Alitapika damu, tukampeleka hospitali, wakasema wengu umevimba kwa sababu ya kichocho. Hajawahi kukojoa damu maishani mwake, kwa hiyo ndugu hawaamini. Wengu ni nini, na una tofauti gani na bandama? (Msomaji wa Ukerewe)

JIBU: Wengu na bandama ni kiungo kimoja chenye majina mawili. Kiko juu ya tumbo upande wa kushoto, kimejificha nyuma ya mbavu, na kwa mtu mzima mwenye afya hakishikiki kwa mkono. Kazi yake ni kuchuja damu, kuondoa chembe nyekundu zilizozeeka na kusaidia kupambana na vijidudu. Ini liko upande wa pili, kulia. Watu wengi huonyesha kushoto wakisema “ini linaniuma”, na daktari makini atafuata kidole chako kuliko neno lako.

Ndugu zako wanakosea kwa sababu inayoeleweka. Kichocho kimejulikana kwa kukojoa damu, na aina hiyo ipo kweli katika mkoa wetu, hasa mbali kidogo na ziwa, kwenye malambo na majaruba ya mpunga ya upande wa Misungwi na Kwimba. Vimelea vyake hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Ziwani kwenyewe aina inayotawala ni nyingine, kichocho cha tumbo, ambayo hata konokono wanaoibeba ni wa jamii tofauti. Vimelea hutoka kwa konokono, huogelea majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama, anayefua au anayevuta nyavu, kisha hukomaa na kuishi katika vena za utumbo. Damu yake, ikionekana, huonekana kwenye choo kikubwa. Daktari Theodor Bilharz wa Ujerumani alivigundua vimelea vya kichocho mjini Cairo mwaka 1851, na kutokana na jina lake wazee wengine bado husema bilhazia.

Sasa fuata njia ya damu, nawe utaelewa kilichompata baba. Vimelea hivyo, ambavyo ni minyoo, hutaga mayai, na mengi ya mayai hayo husukumwa na damu ya utumbo hadi kwenye ini, yakakwama humo. Ini hujitetea kwa kuyazungushia makovu. Miaka inapopita makovu huziba njia, na damu iliyokuwa ikipita kwenye ini hurudi nyuma kama maji ya mto uliozibwa na magugu. Inarudi kwenye wengu, wengu unavimba. Inatafuta njia za pembeni, nazo ni vena ndogo za umio, yaani bomba la chakula linalotoka kooni kwenda tumboni. Vena hizo hutanuka, kuta zake hukonda, na siku moja moja hupasuka. Hiyo ndiyo damu mliyoiona. Mishipa hiyo inaweza kufungwa kwa mipira midogo kupitia bomba lenye kamera linaloingizwa mdomoni, na baba asikose tarehe atakazopangiwa. Akitapika damu tena, au choo chake kikiwa cheusi kama lami, msisubiri boti ya asubuhi ikiwa usafiri mwingine unapatikana.

Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, na kwa kawaida hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa mara moja. Shuleni watoto hupimwa urefu kwa fimbo yenye alama badala ya mizani ili kukadiria vidonge. Humezwa mtu akiwa amekula. Inaua minyoo iliyokomaa, lakini haiui vizuri ile michanga, na haimkingi mtu anayerudi majini kesho yake. Ndiyo maana wavuvi na watoto wa mwaloni wanahitaji kuimeza tena na tena. Niongeze kwamba wengu huvimba pia kwa malaria ya kujirudia, na kwa watoto wadogo wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ulio mwingi Kanda ya Ziwa. Mtoto mwenye selimundu ambaye tumbo la kushoto linajaa ghafla huku akipauka anahitaji hospitali bila kuchelewa.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Niliambiwa nina presha ya macho, nikapewa dawa ya matone. Mwezi uliopita nilipimwa presha ikawa 120 kwa 80, nikaacha matone. Je, nilifanya vyema? (Nansio)

JIBU: Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, naomba uyarudishe matone leo, kisha urudi kliniki ya macho. Presha uliyopimwa mkononi ni shinikizo la damu katika ateri. Presha ya macho ni shinikizo la maji yaliyomo ndani ya jicho lenyewe, nayo hupimwa kwenye jicho kwa kifaa chake. Moja inaweza kuwa sawa kabisa huku nyingine ikiendelea kuharibu neva inayounganisha jicho na ubongo, taratibu, bila maumivu, kuanzia pembeni mwa uwezo wa kuona. Uono uliopotea kwa njia hiyo haurudi, tofauti na mtoto wa jicho, ambao ni ukungu kwenye lenzi na huweza kuondolewa kwa upasuaji.

SWALI: Binti yangu wa miaka 12 amekuja na karatasi ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Bibi yake anasema chanjo hiyo inafunga kizazi. Mimi nimechanganyikiwa. (Mama, Magu)

JIBU: Kizazi, mji wa mimba, nyumba ya uzazi na mfuko wa uzazi ni majina ya kiungo kimoja, mfuko wa misuli ulio chini ya tumbo, nyuma ya kibofu, wenye umbo la pea lililogeuzwa. Sehemu yake nyembamba ya chini, inayotokeza ukeni, ndiyo mlango wa kizazi, na wengine huiita shingo ya kizazi. Ninyi mliojifungua mnaifahamu bila kuitambua: mkunga anaposema njia imefunguka sentimita 4, anapima mlango huo, ambao hufunguka hadi sentimita 10 ili mtoto apite. Basi bibi akisikia “chanjo ya mlango wa kizazi”, anafikiri kuna kitu kinakwenda kuufunga mlango. Mimi simlaumu, kwa kuwa jina limempa picha hiyo.

Chanjo huchomwa begani. Inaufundisha mwili kuvitambua virusi vya HPV, ambavyo huenezwa kwa kujamiiana na ndivyo vinavyosababisha karibu saratani zote za mahali hapo. Haigusi kizazi wala haizuii mimba. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 hutolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Hutolewa mapema kwa sababu hufanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na virusi. Nawe mama, usiishie kwa binti: omba kupimwa. Mlango wa kizazi hupakwa siki nyepesi, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Kipimo huchukua dakika chache, na mabadiliko ya mwanzo hutibika kabla hayajawa saratani.

SWALI: Chembe ya moyo inaniuma, hasa nikiwa na njaa. Nimepimwa moyo, wakasema mzima. Wamekosea? (Dereva wa bodaboda, Nyegezi)

JIBU: Hawakukosea. Chembe ya moyo ni ile sehemu laini iliyo chini ya ncha ya kidari, mahali mbavu zinapoachana, na ijapokuwa imeitwa kwa jina la moyo, nyuma yake kuna tumbo la chakula, sehemu ya ini na, kwa ndani zaidi, kongosho. Maumivu yanayokuja na njaa huelekea kwenye vidonda vya tumbo. Vingi husababishwa na bakteria aitwaye helikobakta pilori, na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kulithibitisha hilo. Vingine hutokana na dawa za maumivu kama diklofenaki zinazomezwa kila siku. Mwambie daktari “hapa” huku umeweka kidole, na umtajie kila dawa ya maumivu unayotumia. Lakini maumivu ya hapo yakija ghafla pamoja na jasho jingi, pumzi kukata, au yakienda mkononi na kwenye taya, yachukuliwe kuwa ya moyo mpaka yathibitishwe vinginevyo.

SWALI: Mtoto wetu wa miezi minane anakohoa wiki ya pili. Mama mkwe anataka akatwe kimeo. Nifanye nini? (Baba, Buhongwa)

JIBU: Kimeo ni kinyama kidogo kinachoning’inia nyuma ya kaakaa. Kila mmoja wetu anacho, na hutusaidia kumeza na kutamka. Mtoto akikohoa sana koo lote huwa jekundu na kimeo huonekana kimevimba, ndipo kinapewa lawama ya ugonjwa ulio kwenye mapafu au kwenye njia za hewa. Nimeona watoto waliokatwa wakiletwa wakivuja damu, na wembe usio safi unaweza kuingiza pepopunda. Mwambie mama mkwe kwa upole, na mwombe akusaidie kazi hii: mtoto akiwa ametulia au amelala, fungueni nguo, mtazame tumbo na kifua, na mhesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa. Kwa umri wake, zikifika 50 au zaidi, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Hata zikiwa chini ya hapo, kikohozi cha wiki ya pili kinastahili kuonwa na daktari wiki hii, na mkifika mtajeni kama kuna mtu nyumbani mwenye kikohozi cha muda mrefu, ili mtoto achunguzwe kifua kikuu pia.